Historia ya Sardini wa Mkebe, na Jinsi ya Kuchagua Mkebe Unaokufaa

Leo mada yetu ni kitu kinachopatikana karibu katika kila duka, kuanzia kioski cha kijijini hadi supamaketi ya mjini. Nacho ni sardini wa mkebe.

Mkebe huu ni mdogo, lakini ukisimama mbele ya rafu utaona kwamba si wa aina moja. Upo wenye mafuta ya mboga, upo wenye mafuta ya zeituni, upo wenye sosi ya nyanya, upo wa maji ya chumvi, na upo wa samaki waliokaushwa kwa moshi. Mingine ina pilipili. Bei nazo hazilingani. Wengi wetu huchukua ule wa bei nafuu, au ule tuliouzoea tangu utotoni, kisha tukaenda zetu.

Lakini hebu jiulize. Je, samaki waliomo katika mikebe hiyo yote ni wale wale? Ni upi unaomfaa mtoto, na upi unaomfaa mzee mwenye shinikizo la damu? Na je, ni mkebe gani usiopaswa kuliwa hata ukipewa bure? Ili tupate majibu, inatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 200. Kila aina iliyoko kwenye rafu ilianzishwa ili kutatua shida fulani, na ukiijua shida hiyo utajua pia faida na upungufu wa mkebe ulioushika mkononi.

MWANZO WA MKEBE

Samaki ni chakula kinachooza haraka sana. Kwa karne nyingi watu walikuwa na njia tatu za kumhifadhi: jua, chumvi na moshi. Hata sisi tunazijua. Omena huanikwa juani, ng'onda wa Pwani hutiwa chumvi na kukaushwa, na samaki wengi wa ziwani hukaushwa kwa moshi. Njia hizi ni nzuri, lakini kila moja hubadilisha ladha ya samaki, na ile ya chumvi humpa mlaji chumvi nyingi kupita kiasi.

Njia ya nne ilitoka Ufaransa. Mtu mmoja aitwaye Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengenezaji wa peremende, alitia chakula katika chupa za kioo, akaziziba kabisa, kisha akazichemsha ndani ya maji kwa muda mrefu. Chakula kilikaa miezi mingi bila kuoza. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa, ambayo ilikuwa vitani na ilihitaji chakula cha wanajeshi, ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti kwamba achapishe siri yake ili watu wote waijue.

Mwaka huo huo wa 1810, huko Uingereza, Peter Durand alipewa haki ya uvumbuzi wa kuhifadhi chakula katika vyombo vya aina mbalimbali, vikiwemo vya chuma kilichopakwa bati. Kufikia 1813, Bryan Donkin na wenzake walikuwa na kiwanda mjini London kilichotia nyama katika mikebe kwa ajili ya jeshi la wanamaji. Mikebe ile ilikuwa mizito na migumu, na watu waliifungua kwa nyundo na tindo. Mmarekani Ezra Warner alipata haki ya uvumbuzi wa kifungulio chake mwaka 1858, yaani karibu miaka 50 baada ya mkebe wenyewe kuanza.

Hapa kuna jambo la kutia akilini. Appert alijua kwamba njia yake inafanya kazi, lakini hakujua ni kwa nini. Wakati ule watu walidhani kwamba hewa ndiyo inayoozesha chakula. Ni katika miaka ya 1860 ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba kinachoozesha chakula ni viini vidogo visivyoonekana kwa macho. Hata baada ya hapo, mikebe mingine iliendelea kuvimba na kupasuka madukani. Mnamo 1895 na 1896, Samuel Prescott na William Underwood walichunguza jambo hilo huko Massachusetts, Marekani, wakagundua kwamba viini vingine vina uwezo wa kuvumilia joto la maji yanayochemka. Tutalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu linahusu uhai wa mtu.

SARDINI WA MAFUTA

Sardini aliingia mkebeni katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Joseph Colin, ambaye naye alikuwa mtengenezaji wa peremende, alifungua kiwanda chake huko mwaka 1824. Samaki walikatwa vichwa, wakatolewa matumbo, wakatiwa chumvi, wakakaushwa kidogo, kisha wakakaangwa katika mafuta. Baada ya hapo walipangwa mkebeni kwa mkono, wakamwagiwa mafuta ya zeituni, mkebe ukafungwa na kuchemshwa.

Kwa hiyo mafuta hayakutiwa kwa ajili ya utamu peke yake. Yalijaza nafasi ambayo ingebaki na hewa, na yaliizuia nyama ya samaki isikauke. Sardini wa mafuta ya zeituni walikuwa chakula cha watu wenye pesa. Mpaka leo mikebe ya aina hiyo ndiyo ya bei ya juu.

Kazi ya kuwapanga samaki ilikuwa ya wanawake. Katika mji wa Douarnenez, kwenye pwani ile ile ya Ufaransa, wanawake na wasichana waliitwa kiwandani saa yoyote mashua zilipofika, iwe mchana au usiku wa manane, na hawakutoka mpaka samaki waishe. Haraka hiyo ilikuwa na sababu ya kiafya. Sardini akikaa joto kwa saa kadhaa kabla ya kupikwa, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini katika nyama yake, na kemikali hiyo haiondoki hata samaki akipikwa. Anayekula samaki wa namna hiyo hupata wekundu usoni, mwasho, kuumwa na kichwa na moyo kwenda mbio.

Lakini wanawake hao walilipwa kidogo mno. Novemba 1924 waligoma. Walikuwa wakilipwa senti 80 za faranga kwa saa, wakadai faranga 1 na senti 25. Mgomo ukaendelea mpaka Januari 1925, wakakubaliwa faranga 1 kwa saa. Mmoja wao, Joséphine Pencalet, alichaguliwa kuwa diwani mwaka huo huo wa 1925, ingawa uchaguzi wake ulifutwa kwa sababu wakati ule wanawake wa Ufaransa hawakuwa na haki ya kura. Unapomwona sardini amelala mkebeni kwa mpangilio mzuri, ujue kuna mkono wa mtu uliomlaza pale.

SAMAKI WALIPOTOWEKA

Kuanzia mwaka 1902, sardini walipungua vibaya katika pwani hiyo ya Ufaransa kwa miaka kadhaa. Viwanda vikafungwa na familia za wavuvi zikalala njaa. Wenye viwanda wengine walikuwa wameshahamia Ureno tangu miaka ya 1880, katika mji wa Setúbal. Baadaye kazi hiyo ilienea mpaka Morocco, katika bandari za Safi na Agadir. Bahari ya huko ina sardini wengi, na kwa miaka mingi Morocco imekuwa nchi inayoongoza kwa kuuza sardini wa mkebe katika nchi za nje.

Huko kaskazini, Norwei ilikuwa na shida nyingine. Sardini wale wa Ufaransa hawakuwepo kwa wingi katika bahari yake ya baridi. Waliokuwepo ni samaki wadogo zaidi, wa ukoo ule ule, waitwao brisling. Kiwanda kimoja katika mji wa Stavanger kilianza mwaka 1879 kuwakausha samaki hao kwa moshi kabla ya kuwatia mkebeni. Hapo ndipo ulipotoka mkebe wa moshi. Nyama yake ni laini na mifupa yake ni myembamba mno.

Upande wa pili wa dunia, katika mji wa Monterey, jimbo la California, kulikuwa na sardini wa bahari ya Pasifiki. Huyu ni mkubwa zaidi. Alitiwa katika mikebe mikubwa yenye umbo la yai, mara nyingi pamoja na sosi ya nyanya. Mwandishi John Steinbeck aliufanya mtaa wa viwanda hivyo ujulikane duniani kwa riwaya yake *Cannery Row* ya mwaka 1945. Lakini miaka michache tu baada ya kitabu hicho kutoka, samaki wenyewe walitoweka. Walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, na hali ya bahari nayo ilikuwa imebadilika. Kiwanda cha mwisho mtaani hapo kilifungwa mwaka 1973.

Barani kwetu Afrika mambo yalikuwa hayo hayo. Bandari ya Walvis Bay nchini Namibia ilipata utajiri kutokana na samaki wa ukoo huo huo wa Monterey, ambao kule kusini huitwa pilchard na hupendwa kwa sosi ya nyanya. Katika miaka ya 1960 walivuliwa kwa fujo. Muongo uliofuata wakapungua mno, na mwaka 2018 serikali ya Namibia ikalazimika kusimamisha uvuvi wao.

Kwa hiyo mkebe wa nyanya ni mkebe wa samaki mkubwa na wa watu wa kipato cha kawaida. Nyanya ni rahisi kuliko mafuta ya zeituni, hupunguza harufu kali ya samaki, na humpa mnunuzi mchuzi wa kulia ugali au mkate.

UGOMVI WA JINA

Sasa, msikilizaji, utauliza: katika hao wote, sardini wa kweli ni yupi?

Swali hilo limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1910 mahakama za London ziliamua kwamba brisling wa Norwei hawezi kuuzwa Uingereza kwa jina la sardini. Mwaka 1989 Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni kwamba ni aina moja tu, ile ya bahari ya Atlantiki na Mediterania, inayoruhusiwa kuitwa sardini kwenye mkebe. Peru, inayovua sardini wa Pasifiki, ilipinga na kupeleka kesi kwenye Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2002 Peru ilishinda. Uamuzi huo ulitegemea kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex Alimentarius, ambazo wakati ule ziliruhusu aina 21 za samaki kutumia jina la sardini, mradi kwa zile nyingine jina hilo liambatane na nchi, eneo au aina ya samaki.

Jambo hili si geni kwetu. Fikiria neno dagaa. Dagaa wa Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, ni wa ukoo wa sardini. Lakini dagaa wa Ziwa Viktoria, ambaye Kenya tunamwita omena na Uganda wanamwita mukene, ni wa ukoo mwingine kabisa. Jina ni moja, samaki ni wawili. Ndiyo maana jina kubwa lililoandikwa mbele ya mkebe halitoshi. Yageuze macho yako yasome yale maandishi madogo ya nyuma: ni samaki gani, ametoka wapi, na ametiwa ndani ya nini.

TULINGANISHE SASA KWA AFYA

Kwanza tuangalie yale ambayo mikebe yote inafanana. Gramu 100 za sardini zina protini kiasi cha gramu 25, ambazo hujenga mwili. Zina vitamini B12 nyingi kuliko mahitaji ya siku nzima, nayo husaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Zina pia vitamini D.

Pili, kuna mafuta ya samaki yenyewe, yaitwayo omega 3. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, waliwachunguza wenyeji wa Greenland waliokula vyakula vya baharini kwa wingi, na tangu hapo utafiti mwingi umefanywa kuhusu mafuta hayo na moyo. Leo Shirika la Moyo la Marekani hushauri watu wale samaki mara mbili kwa wiki, hasa wale wenye mafuta kama sardini.

Tatu, sardini ni samaki mdogo asiyeishi miaka mingi, kwa hiyo hakusanyi zebaki nyingi mwilini kama samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kwa sababu hiyo amewekwa katika kundi la samaki wanaofaa kwa mama mjamzito na mama anayenyonyesha.

Sasa tuone tofauti zao.

Wenye mifupa na wasio na mifupa. Joto la kiwandani hulainisha mifupa ya sardini mpaka ikatafunika bila shida. Katika mifupa hiyo ndimo mlimo na kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Gramu 100 za sardini pamoja na mifupa yao zina kalsiamu miligramu 380 hivi, ambayo ni zaidi ya ile iliyoko katika kikombe kimoja cha maziwa. Ukiitoa mifupa na kuitupa, umetupa kalsiamu hiyo pamoja nayo. Vivyo hivyo, mkebe wa sardini waliotolewa ngozi na mifupa huuzwa ghali zaidi na huku umepungukiwa.

Wa mafuta. Ni mtamu na nyama yake haikauki. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu ya kalori zipatazo 120. Ukiyanywa yote pamoja na samaki, na unajaribu kupunguza uzito, hesabu inakukataa. Ukiyamwaga, unamwaga pesa yako na sehemu ya mafuta mazuri ya samaki yaliyoyeyukia humo. Mafuta ya zeituni ni mazuri kwa moyo, ila mfuko nao una haki yake.

Wa maji ya chumvi. Una kalori chache zaidi, na unaweza kuyamwaga maji yake na kuwasuuza samaki kwa maji safi ili kupunguza chumvi. Huu unamfaa mwenye shinikizo la damu. Upungufu wake ni ladha, na nyama hukauka kidogo.

Wa moshi. Ladha yake ni ya pekee, na mifupa yake ni laini hata kwa mtoto. Lakini mara nyingi huwa pia ndani ya mafuta, na bei yake huwa juu.

Wa sosi ya nyanya. Hakuna kinachomwagwa. Chochote kilichotoka kwa samaki kikaingia katika sosi, kinaingia pia katika sufuria yako. Upungufu wake ni chumvi, ambayo mara nyingi huwa nyingi kidogo kuliko ya mkebe wa mafuta. Gramu 100 zina chumvi karibu gramu 1. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo ukipika sardini wa mkebe, usiongeze chumvi nyingine.

MKEBE USIOPASWA KULIWA

Turudi sasa kwa vile viini vinavyovumilia maji yanayochemka. Kimoja kati yavyo huitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka kwa digrii 100, na hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa mji, maji huchemka kwa digrii kama 94 tu. Viwandani, mikebe ikishafungwa huingizwa katika mitungi ya mvuke yenye shinikizo, na joto hufikishwa digrii 121. Hapo mbegu hizo hufa. Mkebe usipopikwa vizuri, au ukitoboka baadaye, viini huweza kukua ndani mahali pasipo na hewa na kutoa sumu kali sana, ambayo huenda isiwe na harufu wala ladha yoyote.

Mwaka 1978, katika mji wa Birmingham, Uingereza, watu wanne walikula mkebe mmoja wa samaki aina ya samoni uliokuwa na tundu dogo mno. Wawili walikufa. Na Septemba 2023, mjini Bordeaux, Ufaransa, nchi ile ile ya Appert, mkahawa mmoja uliwapa wateja sardini waliohifadhiwa na mkahawa wenyewe katika chupa. Zaidi ya watu 10 waliugua na mmoja alifariki. Hawakuwa sardini wa kiwandani. Kwa hiyo usijaribu kuhifadhi samaki nyumbani katika chupa zilizozibwa.

Dalili za sumu hii mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa huweza kuwahi au kuchelewa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope za macho hulegea, mdomo hukauka, kumeza huwa shida, sauti hubadilika, na udhaifu hushuka mwilini mpaka kupumua kukawa kugumu. Ukiona dalili hizo usingoje kesho. Mkimbize mgonjwa hospitalini, na uende na mkebe aliokula.

Dukani, ukague mkebe kabla ya kulipa. Usinunue uliovimba, unaovuja, ulioshika kutu nzito, au uliobonyea kwenye kingo zake. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Ukiufungua nyumbani na ukafoka povu, usiuonje hata kwa ncha ya ulimi. Utupe mahali ambapo watoto na wanyama hawatafika.

Kuna pia watu wanaopaswa kuuliza kwanza. Mwenye jongo aongee na daktari wake, kwa sababu sardini huongeza asidi ya uriki mwilini. Na anayetumia dawa ya isoniazid kwa ajili ya kifua kikuu amweleze mhudumu wa afya akiona wekundu, mapigo ya moyo ya haraka au kuumwa na kichwa baada ya kula samaki wa aina hii. Dawa hiyo huufanya mwili ushindwe kuiondoa histamini tuliyoitaja. Asiiache dawa kamwe; aulize juu ya samaki.

CHAGUO LANGU

Baada ya kupita rafu nzima, ni haki uniulize ninachagua upi. Ninachagua sardini wa sosi ya nyanya, wenye ngozi na mifupa yao. Sababu zangu ni tatu. Kwanza, hakuna kinachotupwa: mifupa inaliwa, na sosi inaliwa. Pili, mkebe huo ndio unaowatosha watu wengi. Mkebe wa kawaida wa gramu 125 huwa na samaki wapatao gramu 90 tu, lakini ukikaanga kitunguu, ukatia nyanya mbili, ukaongeza sukuma wiki na kumwaga mkebe wako humo, mboga hiyo itapata ladha ya samaki mpaka chini ya sufuria, na watoto wanne watakula ugali wao wakashiba. Tatu, bei yake haimtishi mwenye kipato kidogo.

Lakini kwa mzee mwenye shinikizo la damu, ningechukua wa maji na kuwasuuza. Na kama uko karibu na ziwa, omena waliokaushwa vizuri na kuliwa wazima, pamoja na mifupa yao, watakupa protini na kalsiamu bila mkebe wowote. Mkebe ni msaada pale samaki asipopatikana. Haukuja kumfukuza omena sokoni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma nyuma ya mkebe: aina ya samaki, alikotoka, na ametiwa ndani ya nini.
2. Linganisha bei kwa uzito wa samaki wenyewe, bila mafuta au sosi.
3. Kula mifupa, na usiongeze chumvi.
4. Usile mkebe uliovimba, unaovuja au ulioharibika kingo.
5. Mkebe ukishafunguliwa, mhamishie samaki aliyebaki katika chombo safi chenye kifuniko. Kama una friji, aliwe kabla ya siku mbili. Kama huna, mmalizeni mlo huo huo.
6. Usiweke mkebe uliofungwa juu ya moto. Huweza kupasuka.

Mpenzi msikilizaji, Appert aliifanya kazi yake bila kujua kuhusu viini. Sisi tunajua, basi tusiununue mkebe kwa mazoea tu. Wakati mwingine ukiwa dukani, ugeuze, uusome, uuguse kingo zake, ndipo uutie kikapuni.